Je, wajua kwa nini kompyuta yako inaweza isihitaji kadi ya sauti?

Watu wengi gemu likisikika vibaya au muziki ukiwa umepooza, wanakimbilia kununua kadi ya sauti. Subiri kwanza. Kadi ya sauti kazi zake kubwa ni mbili tu, inachukua namba za kwenye faili inazigeuza kuwa umeme, alafu inauongezea huo umeme nguvu ya kusukuma hedifoni au spika, na zote hizo chipu iliyopo tayari kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, inazifanya.

Zamani haikuwa hivyo. PC nyingi za miaka ya 80 zilikuwa zinalia biip tu, ndo maana kadi ya Sound Blaster ya kampuni ya Creative ilipotoka 1989 wacheza gemu waliipokea kwa mikono miwili, na baadaye kadi zikaanza kupiga zenyewe hesabu za mwangwi ili prosesa ipumue. Ila Windows Vista ya 2007 ikaondoa uwezo wa DirectSound, sehemu ya Windows ambayo gemu zilitumia kutoa sauti, kuipa kadi hizo hesabu, zikarudi kwa prosesa, na prosesa za leo wala hazihisi huo mzigo.

Sasa unajiuliza, unajuaje adui yupo nyuma kushoto? Mara nyingi gemu lenyewe ndo linafanya hivyo, sauti inacheleweshwa kidogo mno na kupunguzwa kwenye sikio la mbali, maana masikio yetu ndivyo yanavyotambua upande, kwa hiyo hedifoni nzuri za stirio zinatosha kabisa. Na ukiwa unatumia hedseti ya USB au ya Bluetooth ndo kabisa usinunue, zile zina kadi yao humo humo ndani, hiyo mpya haitaguswa.

Usidanganyike na kilohezi 192 pia, yaani kadi kusoma namba za sauti mara 192,000 kwa sekunde! Sikio zima la kijana linaishia kusikia mitetemo ya kama kilohezi 20, na CD inasoma kwa kilohezi 44.1, ambayo inabeba mitetemo hadi nusu yake, kwa hiyo inafika hapo.

Kadi inakuwa na maana ukiona mambo haya: unasikia mvumo au mikwaruzo ukisogeza mausi au gemu likianza kuwa zito, hapo ni umeme wa vifaa vingine unaingia kwenye njia ya sauti, na mimi ningechukua ya nje ya USB kuliko ya kuchomeka ndani, kule ndani ndo kwenye kelele zenyewe. Au hedifoni zako ni za ohm 250 au 300 (ohm ni kipimo cha jinsi zinavyokinza umeme) na umepandisha sauti mpaka mwisho bado iko chini, hapo unataka amplifaya yenye nguvu.

Kabla ya kutoa hela chomeka hedifoni zile zile kwenye simu, piga wimbo ule ule, sauti iwe sawa. Mvumo ukipotea, tatizo ni kompyuta. Ukisikia vile vile vibaya, weka hela kwenye hedifoni.