Samaki Wanaopigana Tangini: Tunayoambiana na Yaliyo Kweli

"Waache, watazoeana."

Hilo ndilo jibu ambalo mfugaji mgeni hulipata akisema samaki wake wanafukuzana. Mimi pia niliambiwa hivyo, nikaamini. Nilikuwa na gurami wawili wa samawati, madume wote, kwenye tangi la lita 80 pamoja na samaki wengine wadogo. Asubuhi ya siku ya nne nilipowasha taa nilimkuta mmoja amejibanza wima nyuma ya bomba la chujio, rangi imempauka, pezi la mkia limechanika vipande vipande. Gurami huvuta hewa juu ya maji, na huyu kila alipojaribu kupanda, mwenzake alimjia mbio. Ikafika mahali mbabe hakuhitaji tena kumgusa. Akigeuka tu upande ule, aliyechanika anazama.

Kuzoeana kupo, ila kuna mwisho wake. Samaki wapya hupimana nguvu kwa saa au siku chache: hutunisha mapezi, husimama ubavu kwa ubavu, hupigana mikia, kisha mmoja anakubali kuwa chini na maisha yanaendelea. Kipimo changu ni chakula. Wote wawili wakijitokeza kula, subiri. Lakini mmoja akiwa hatoki, mapezi kayabana mwilini, magamba yanamtoka, huyo hazoei chochote. Anauawa polepole.

Chanzo ni kile kioo cha tangi. Ziwani au mtoni, aliyeshindwa hukimbia mita chache, hupita nyuma ya jiwe, ugomvi ukaishia hapo. Tangini anakimbia sentimita 60 na kugonga ukuta. Kwa mshindi, ambaye hajaondoka ni ambaye hajakubali kushindwa, kwa hiyo anaendelea kumpiga.

"Samaki mdogo ni mpole, mkubwa ndiye mkorofi"

Ukubwa tuuangalie kwa ajili ya mdomo. Samaki malaika (Pterophyllum scalare) akinunuliwa mdogo hukaa vizuri na tetra neoni, samaki wadogo sana, kisha anakua hadi sentimita 15 hivi, na asubuhi moja unahesabu tetra na kukuta wamepungua. Huo si ugomvi, huyo amekula chakula chake.

Ugomvi hasa unaweza kutoka kwa kidude cha sentimita 6 au 7. Puntigrus tetrazona, yule wa mistari minne myeusi, ana tabia ya kudonoa mapezi marefu yanayopepea, na beta (yule samaki mpiganaji) au malaika akiwekwa naye huishia na mapezi yaliyonyofolewa. Watu wengi hununua wawili au watatu wakidhani uchache utapunguza shida. Kwa samaki huyu uchache ndio unaoiongeza. Wakiwa 8 au zaidi, muda wao mwingi huishia katika kufukuzana wao kwa wao, bila madhara makubwa. Hata hivyo, mwenye mapezi marefu mimi singemweka nao.

"Wa aina moja hupendana"

Wapo wa kuishi makundi, kama hao tetra. Wengi wengine ni kinyume kabisa, na sababu yake ni ya kawaida sana: anayefanana nawe ndiye anayetaka chakula chako, pango lako na majike wako. Beta dume hutunisha matamvua hata mbele ya kioo cha kujitazamia. Epalzeorhynchos bicolor, mweusi mwenye mkia mwekundu anayeuzwa kwa jina la papa ingawa si papa hata kidogo, akishakomaa hamvumilii wa aina yake katika tangi la kawaida, na mara nyingi huwaandama hata wa aina nyingine wanaomkaribia kwa umbo au rangi. Huyo afugwe mmoja.

"Ukipunguza idadi, vita vitaisha"

Fahali wawili hawakai zizi moja, sawa. Ila kwa mbuna, wale samaki wa miambani wa Ziwa Nyasa walio wa jamii ya sikilidi, kumi na wawili wanaweza kukaa pale ambapo wawili wangeuana. Chindongo demasoni, mdogo mwenye mistari ya buluu na nyeusi, ndiye mfano unaojulikana zaidi: wafugaji wazoefu hushauri wasipungue 12. Wakiwa watatu, mbabe anamwandama mmoja siku nzima mpaka amalizike. Wakiwa wengi, kila anayefukuzwa anapotelea kwa wenzake, na kipigo kinagawanyika. Kwa mbuna wengi huongezwa sharti la dume mmoja kwa majike watatu au zaidi.

Mbinu hii ina gharama. Samaki wengi ni kinyesi kingi, na kinyesi huzalisha amonia, sumu kwa samaki, kwa hiyo tangi liwe kubwa, chujio liwe na nguvu, na sehemu ya maji ibadilishwe kila wiki. Wala usiipeleke kwa kila samaki. Sikilidi wa mistari, Amatitlania nigrofasciata, wakishapatana jike na dume na kutaga mayai, huwasukuma wengine wote kwenye kona moja, na ukiwaongeza unaongeza majeruhi tu. Nimesikia watu wakifurahi kwamba samaki wakizaa basi tangi lina amani. Kwa hawa, kuzaa ndiko kunakoanzisha vita.

"Mlishe ashibe, atatulia"

Hapana. Anatetea eneo, na shibe hailiondoi. Chakula cha ziada kinaoza na kuharibu maji, na mbuna anayekula mwani wa miambani akilishwa vyakula vya nyama kwa wingi huweza kuvimba tumbo na kufa.

"Mtoe anayepigwa"

Hili nililifanya mwenyewe. Yule gurami aliyechanika nilimhamishia kwenye tangi lake peke yake, na mwenye majeraha kweli anahitaji hivyo, apate maji safi na utulivu kabla vidonda havijaingia bakteria. Baada ya siku mbili mshindi alimgeukia samaki mwingine. Eneo lilikuwa bado ni lake, ila alibadilisha wa kumfukuza.

Anayefaa kutolewa ni mbabe, kwa siku kadhaa. Akiwa nje, hamisha mawe, mimea na mapango yote mpaka hata wewe usilitambue tangi. Waliobaki wajichagulie sehemu, kisha mrudishe yeye wa mwisho, taa zikiwa zimezimwa, aingie kama mgeni. Panga vitu vikatishe macho: anayepigwa akikata kona moja asionekane tena. Kila pango liwe na milango miwili, kwa kuwa pango la mlango mmoja ni mtego. Na ukinunua tangi, chagua refu la chini kuliko jembamba la kwenda juu, maana wengi hukimbilia pembeni.

Wapo ambao hayo yote hayawasaidii, na gurami wangu walikuwa hao. Nilimrudisha mshindi mara mbili, na mara zote mbili alianza upya. Sasa kila mmoja ana tangi lake. Aliyechanika mkia wake umeota tena, na huvuta hewa juu ya maji, katikati kabisa, mahali peupe.