Daraja la kwanza, na saa iliyobaki New York

Julai iliyopita nilirudi Dar kutoka New York, kupitia Dubai, baada ya wiki sita za mafunzo, na kwa mara ya kwanza maishani nikapanda daraja la kwanza. Sikulipa, nilimaliza pointi za safari nilizozikusanya kwa miaka. Kwa kuwa kazi yangu ni tiba ya usingizi, wenzangu kliniki walikuwa na swali moja tu: "Daktari, ulilala?"

Nililala, ila kwa kujinyima. Miaka ya nyuma, njia hiyohiyo, niliwahi kupandishwa daraja la biashara bila kutarajia. Nikalala saa nane mfululizo kama mtoto aliyenyonya akashiba, kisha nikakesha siku tatu nyumbani.

Piga hesabu nami. Ndege huondoka saa tano usiku. New York huo ni wakati wa kulala, hakuna ubishi. Lakini Dar ni saa kumi na mbili asubuhi, wapika chapati wameshawasha moto. Mpaka Dubai ni kama saa 12 na nusu, na unatua huko saa moja na nusu usiku. Ukipewa kitanda kilichonyooka, godoro, shuka na mlango wa kufunga, ukaumaliza usiku wote wa New York humo, unafika Dubai jioni macho makavu kama mtu aliyeamka sasa hivi. Abiria wa nyuma aliyesinzia kwa vipande, shingo imepinda, anafika hoi, lakini hoi kwa wakati unaofaa.

Basi nilijilaza mara tulipopaa, bila kusubiri chakula. Nikamwambia mhudumu, "Dada, nikishalala kwa muda wa saa tano, niamshe, hata nikikataa." Nilikataa. Akaniamsha, nikafungua dirisha, jua likanipiga usoni.

Jua ndilo dawa yenyewe. Saa ya mwili wa binadamu huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kidogo, kwa hiyo kuichelewesha ni rahisi kuliko kuiwahisha. Ndiyo maana kwenda Marekani kuna nafuu na kurudi, ambapo lazima uiwahishe, kunaumiza: mwili huwahi kwa takribani saa moja tu kwa siku, na wakati wa kiangazi chao tofauti ya New York na Dar ni saa saba. Kinachoisogeza saa hiyo kuliko kitu kingine ni mwanga. Huwa nawatania wagonjwa kwamba ubongo unasema Kiswahili: unaanza kuhesabu jua linapochomoza, si usiku wa manane.

Sasa hapa wengi hukosea. Joto la mwili hufika chini kabisa saa mbili au tatu hivi kabla ya muda uliozoea kuamka. Kwangu kule ilikuwa kama saa kumi alfajiri. Mwanga ukikupata baada ya hapo, saa ya mwili inawahi. Ukikupata kabla, inachelewa zaidi. Saa kumi alfajiri ya New York ni saa sita mchana Dubai na saa tano asubuhi Dar. Kwa hiyo ule ushauri maarufu wa "ukifika, amka mapema uote jua", kwa siku ya kwanza unaweza kukurudisha kulekule ulikotoka. Asubuhi iliyofuata huko Dubai, nikisubiri ndege ya Dar, nilivaa miwani ya jua ndani ya jengo la abiria. Mtoto mmoja akamwuliza mama yake kama mimi ni mwanamuziki.

Kuhusu shampeni, ambayo daraja la kwanza haikatiki, niliomba maji. Hewa ndani ya ndege inaweza kuwa nyepesi kama ya mlimani, mita 2,400 hivi. Boeing 787 na Airbus A350 zimeundwa kubaki karibu na mita 1,800, yaani sawa na Nairobi. Mwaka 2024 watafiti wa DLR, kituo cha anga cha Ujerumani, walichapisha katika jarida la Thorax matokeo ya vijana wenye afya waliolazwa katika chumba chenye shinikizo la hewa kama la ndege. Waliokunywa pombe, oksijeni katika damu ilishuka hadi asilimia 85 hivi, na moyo ulipiga karibu mara 88 kwa dakika, nao wako usingizini. Hao ni vijana. Mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu sitaki hata kumfikiria.

Chakula kilikuwa kizuri, ingawa huko juu ulimi hupoteza sehemu ya ladha ya chumvi na sukari, na kelele za injini nazo zinachangia. Miguu niliinyoosha kwa kutembea. Damu huganda hata kwa anayelala kwenye shuka nyeupe asipojongea.

Nilifika nyumbani alasiri. Mama alikuwa ameshatandika kitanda na kufunga mapazia. "Umechoka mwanangu, kalale."

Nikamwomba mkeka, nikakaa uani juani. Akanitazama, akaingia ndani, nikamsikia akimwambia dada yangu kwamba huko Marekani kuna kitu wamenifanya.