Je, Wajua Kwa Nini Safari ya Gazi Hupangwa kwa Kutazama Mwezi?

Gazi ni kijiji cha Wadigo katika kaunti ya Kwale, kiasi cha kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Mbele yake kuna ghuba yenye mikoko pande zote: mito Mkurumuji na Kidogoweni humwaga maji humo, na rasi ya Chale huikinga na mawimbi ya bahari kuu. Wageni wengi huja kutembea juu ya daraja la mbao la kina mama wa kijiji, linalopita katikati ya mikoko, na huchagua siku kwa kufuata likizo zao. Wakifika hukuta maji yako pasipofaa.

Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, nasi hupata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupungua. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa 10 alasiri na hupwa mnamo saa 4 asubuhi. Kila siku huchelewa kwa wastani wa dakika 50, hivyo baada ya wiki moja mambo hugeuka: maji hujaa saa 4 na kupwa saa 10.

Siku nzuri ya Gazi basi ni ya bamvua. Asubuhi unatembea darajani maji yakiwa yamepwa, tope likiwa wazi, mizizi ikionekana na vikaa vyenye gando moja kubwa vikitoka mashimoni. Kuanzia saa 8 mchana maji yanapanda, na mtumbwi unaingia kwenye vijito. Ukija siku ya maji mafu, vijito vya ndani havijai vizuri. Ukichelewa kurudi maji yakianza kutoka, mtumbwi hukwama topeni, na huenda ukangoja muda wa saa 6 hivi hadi maji yarudi. Mwenye mtumbwi akisema tugeuze, geuzeni.

Maji hayohayo ndiyo yanayozipanga aina za mikoko. Ukingoni mwa bahari, panapofunikwa kila siku, husimama mlilana. Nyuma yake ni mkoko wenyewe, wenye mizizi mirefu iliyopinda kama miguu ya buibui, kisha mkandaa. Karibu na nchi kavu, panapofikiwa na bamvua tu, kuna mchu. Huko jua hukausha maji na kuacha chumvi nyingi ardhini. Mkoko huichuja chumvi mizizini isiingie. Mchu huiingiza kiasi na kuitoa kupitia majani. Lamba jani la mchu uonje. Vijiti vilivyochomoza topeni chini yake ni mizizi ya kupumulia, kwa hiyo usiikanyage: ikivunjika, mti hukosa hewa.

Harufu nzito ya tope si uchafu. Ndani yake hakuna hewa, majani na mizizi iliyokufa haiozi upesi, na kaboni hubaki chini kwa muda mrefu sana. Ndiyo maana Gazi na jirani yake Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja ulioanza mwaka 2013, huuza hewa ya kaboni, yaani hulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa, kutoka hekta 117 za mikoko. Fedha hizo zimeleta maji ya bomba na kusaidia shule. Ni kazi ya kuheshimiwa, hasa ukikumbuka kwamba miaka ya 1970 mikoko hii ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani. Usichukue hata kijiti kikavu.

Ukialikwa kupanda mkoko, chagua tunda refu lenye kola ya njano karibu na kichwa, maana lisilo nayo halijakomaa. Ncha iliyochongoka iende chini, theluthi moja izame topeni, na nafasi kati ya mche na mche iwe mita 1. Kosa linaloua miche mingi ni kuipanda mbele mno kuelekea bahari, ambako maji huifunika kwa muda mrefu na mawimbi huing'oa.

Kutoka Mombasa vuka kivuko cha Likoni, panda matatu hadi Ukunda, kisha nyingine ya Msambweni au Lunga Lunga, ushuke njia panda ya Gazi na kumalizia kwa bodaboda. Vaa viatu vya kamba vinavyobana: ndala hubaki topeni, na chaza walioshika mizizini hukata nyayo. Kijijini vaeni kwa stara, na muombe ruhusa kabla ya kupiga picha. Chakula cha kina mama kiagizwe mapema. Mwezi wa Ramadhani uliza kwanza.

Kijijini ulizia pia nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid, Mmazrui aliyepigana na Waingereza 1895 hadi 1896. Ukiwa na siku ya pili, nenda Shimoni uone mapango ya watumwa, kisha uvuke hadi kisiwa cha Wasini kutembea kwenye matumbawe makavu. Hayo nayo yanataka maji yaliyopwa, kwa hiyo asubuhi ya bamvua inafaa tena. Hifadhi ya Milima ya Shimba, makao pekee ya palahala (aina ya swala mkubwa) nchini Kenya, haiulizi mwezi: nenda siku yoyote, ila kiingilio hulipwa kwa simu au kadi, si pesa taslimu.