Eksirei imetoka safi, mbona daktari bado anataka CT-Scan ya kifua?

Swali hili ndugu wa majeruhi hutuuliza wakiwa na karatasi ya malipo mkononi, na wana haki ya kuuliza. Kijana wao ameanguka na bodaboda. Anaongea, ana michubuko begani tu, na eksirei haijaonyesha kitu. Sasa anaambiwa akapigwe CT-Scan, ambayo bei yake ni mara kadhaa ya kipimo cha kwanza. Wengine huona hospitali inawatafutia pesa.

Jibu liko kwenye namna majeruhi anavyolala. Mtu anayeweza kusimama hupigwa eksirei ya kifua wima: hewa iliyovuja kwenye pafu hupanda juu, damu hushuka na kujaa pembeni mwa kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), nasi tunaviona. Aliyepata ajali hasimamishwi mpaka tuwe na hakika uti wa mgongo wake uko salama, hivyo hupigwa amelala chali. Hapo hewa hukaa mbele ya pafu, na damu husambaa mgongoni kama maji yaliyomwagika kwenye sinia. Eksirei nayo huweka mbavu, moyo na mapafu kwenye kivuli kimoja, na hewa kidogo hupotelea humo.

CT-Scan hutupa kifua slesi kwa slesi kama mkate, kila slesi nyembamba kiasi cha milimita 1 tu. Weusi na weupe wake una namba, kwa vizio vyenye jina la Godfrey Hounsfield, mhandisi Mwingereza aliyeibuni mashine hii: maji ni 0, hewa ni -1000, na damu iko juu ya maji. Kwa hiyo tunajua kilichojaa kifuani ni nini na kimetulia wapi.

Jeraha linaloninyima usingizi ni pafu kuvilia damu. Ukijigonga paja, weusi hautoki papo hapo. Na pafu liko vivyo hivyo. Eksirei ya saa ya kwanza inaweza kuwa safi kabisa, kisha usiku mgonjwa akaanza kuhema, kwa sababu hali huweza kuendelea kuwa mbaya kwa siku 1 hadi 3. CT-Scan huliona mapema. Nawasihi sana: msimtoe mgonjwa wodini kwa kuwa "mbona anaongea".

Kuna pia mshipa mkuu wa damu, aota. Gari linaposimama ghafla, sehemu ya mshipa iliyoshikizwa kwenye uti wa mgongo hubaki, ile ya karibu na moyo husukumwa mbele, na mpasuko hutokea hapo katikati. Wengi hufia palepale. Anayefika hospitali huwa ameokolewa na utando mwembamba wa nje ambao bado haujaachia. Kuuona mpasuko huo tunachoma mkononi dawa yenye madini joto. Utasikia joto likisambaa mwilini, hata kudhani umejikojolea. Usiogope, hupita kwa muda mfupi. Ukiambiwa "vuta pumzi, bana", jitahidi usitikisike. Kabla ya hapo tuambie kama una ugonjwa wa figo, mzio, ujauzito, au unatumia metfomini, dawa ya kisukari.

Mionzi yake si ya kupuuzwa: takriban milisiveti 7, sawa na ile mtu anayoipata kutoka ardhini na angani kwa karibu miaka 3. Kwa sababu hiyo si kila aliyeumia ubavu tunamwingiza kwenye mashine.

Na kuna mgonjwa ambaye hatakiwi kupelekwa kwanza: anayekosa pumzi, presha inashuka, upande mmoja wa kifua hauingizi hewa. Hewa iliyonaswa ndani inamkandamiza moyo, na anaweza kufa akisubiri picha. Ukituona tunamchoma sindano kifuani au kumwekea bomba kabla ya kipimo chochote, hatujaruka hatua. Mashine atakwenda baadaye, akishapata pumzi.