Kusoma bustani za Copenhagen kwa kufuata maji

Mwanafunzi wa usanifu wa mandhari akifika Copenhagen, picha zisiwe kazi yake ya kwanza. Abebe futi ya kamba, pimamaji na daftari, na ikiwezekana aende mvua ikinyesha. Bustani zilizojengwa mjini humo baada ya 2011 zinaeleweka kwa miinuko yake. Ramani iliyochorwa kutoka juu haionyeshi kwamba ukingo mmoja uko sentimita chache chini ya mwingine, na mara nyingi humo ndimo ubunifu wenyewe ulimo.

Chanzo ni tarehe 2 Julai 2011. Baadhi ya mitaa ilipata takriban milimita 150 za mvua katika saa mbili. Sehemu kubwa ya Copenhagen hupitisha maji ya mvua na maji taka katika bomba moja. Bomba lilijaa, maji machafu yakapanda hadi kwenye vyumba vya chini vya nyumba. Wadenmaki huita mvua ya namna hii skybrud, mpasuko wa wingu. Mpango wa mji wa 2012 uliweka kipimo: mvua inayotarajiwa mara moja katika miaka 100 isiache zaidi ya sentimita 10 za maji barabarani. Piga hesabu. Milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo hekta moja ya lami ikipata milimita 100 hutoa mita za ujazo 1,000. Kuyapitisha maji yote hayo kwenye mabomba mapya ni gharama kubwa mno, ndiyo maana bustani na viwanja vikapewa kazi ya kuyashika.

Anza na Enghaveparken, mtaa wa Vesterbro. Ni bustani ya mwishoni mwa miaka ya 1920, yenye mpangilio mnyoofu, iliyoundwa upya na ofisi ya Tredje Natur na washirika wake, ikafunguliwa tena 2019. Inaweza kushika mita za ujazo 22,600. Ardhi yake inashuka karibu mita 1 kutoka ncha moja hadi nyingine. Wabunifu waliutumia mteremko huo: walizungushia pande za chini ukuta mfupi, ambao siku za kawaida watu huukalia, na bustani ikawa bakuli. Maji hujaa kwa zamu: kwanza hifadhi iliyo chini ya ardhi, kisha uwanja wa michezo uliozamishwa, na bustani nzima huachiwa mvua ya nadra kabisa. Chora zamu hiyo kwa mkato wa wima, kila hatua na mstari wake wa maji. Mchoro huo mmoja unafundisha kuliko picha hamsini.

Umbo safi la kijiometri juu ya ardhi inayoteremka si jambo jipya huko. Bustani za umbo la yai alizobuni C. Th. Sørensen, msanifu wa mandhari wa Denmark, kule Nærum, kaskazini mwa Copenhagen, mwaka 1948, kila moja takriban mita 25 kwa 15, zimetawanywa kwenye mteremko wa nyasi bila kuusawazisha. Kazitazame kabla hujaandika neno lolote kuhusu wabunifu wa leo.

Sasa beseni la mimea kando ya barabara, yaani bonde dogo lililopandwa mimea la kukusanya maji ya mvua; ndipo mahali makosa yanapozaliwa. Chukua lami ya mita za mraba 400 na mvua ya milimita 30, tisa ya kumi yake ikitiririka: ni mita za ujazo 10.8. Beseni lenye kina cha sentimita 25 litahitaji mita za mraba 43 hivi. Kisha pima udongo. Chimba hadi usawa wa chini ya beseni, jaza maji mara kadhaa mpaka ardhi ishibe, ndipo uangalie saa. Maji yakishuka milimita 10 kwa saa, beseni litakauka kwa saa 25. Yakishuka milimita 2, yatakaa zaidi ya siku tano na mizizi itakosa hewa. Hapo laza bomba lenye matundu chini. Udongo wa mfinyanzi ulioachwa na barafu ya kale, ambao umetanda sehemu nyingi za Sjælland, kisiwa ulipo mji huu, mara nyingi huangukia upande huu wa pili.

Mdomo wa kuingilia maji ukiwa mwembamba, majani ya vuli huuziba kwa wiki moja. Kwenye barabara yenye mteremko mkali maji huupita tu, hasa ukikatwa bila kuinamisha lami kuuelekea. Kosa baya zaidi ni mashine nzito kupita juu ya udongo wakati wa ujenzi: kipimo ulichopata mwanzoni hakina maana tena.

Halafu kuna chumvi ya kuyeyusha barafu barabarani. Sodiamu huvunja muundo wa udongo wenye mfinyanzi, maji yakaacha kupenya, na kingo za majani zikaungua. Kwa hiyo maji ya barabarani ya majira ya baridi huelekezwa kwenye bomba la maji taka, au kwenye beseni hupandwa mimea inayovumilia chumvi, kama Armeria maritima na Leymus arenarius, zote za pwani. Kule Tåsinge Plads, uwanja wa Østerbro uliokamilika 2014, maji ya paa na ya barabara yametenganishwa: ya paa ni safi kiasi cha watoto kuyachezea, ya barabara hupitishwa kwenye udongo wa kuchuja. Ukifika hapo, fuata bomba la paa moja hadi mwisho wake, kisha rudi ufuate ukingo wa barabara.