Mtu mzima mwenye TDAH: yanayosemwa na yaliyo kweli

Kuna hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kutulia na kushika umakini. Madaktari wetu wanaoandika Kifaransa wanaiita TDAH. Mitandaoni wengi wanaijua kama ADHD. Mtaani ina majina mengine, na karibu yote ni matusi.

Dhana: "Huo ni ugonjwa wa watoto watundu."

Ukweli: dalili huanza utotoni, lakini kwa wengi haziishi na utoto. Zinabadilika sura tu. Aliyekuwa akipanda juu ya dawati anakuwa mtu mzima anayetikisa mguu chini ya meza, anayewakata watu maneno, anayetafuta funguo zilizo mfukoni mwake. Mwongozo wa uchunguzi wa magonjwa ya akili, DSM-5, uliotoka 2013, unataka dalili kadhaa ziwe zilionekana kabla ya miaka 12. Kwa hiyo aliyeanza kusahau akiwa na miaka 40, wala hakuwa hivyo shuleni, atafutiwe kwanza sababu nyingine: usingizi mbovu, huzuni, pombe, tezi ya shingo.

Dhana: "Ni uvivu. Kitu akikipenda, mbona anakikalia mchana kutwa?"

Ukweli: hapo ndipo penyewe. Jambo jipya, la haraka au linalomvutia linamshika. Fomu ya kodi haimshiki, hata akijua faini yake. La kufanya analijua. Kinachomshinda ni kulianza kwa wakati wake na kulishika kichwani mengine yakiingia. Ndiyo maana mahubiri hayamfai kitu. Msaada uwekwe pale pale kazi inapofanyikia.

Tumtazame muuza unga na sukari kwenye depo, soko la Kenya hapa Lubumbashi. Mteja analipa, simu inalia, mwingine anauliza bei, na mauzo ya kwanza hayaandikwi. Jioni hesabu inakataa. Marekebisho yake ni kaye (daftari) iliyofunguliwa juu ya sanduku la pesa, biki ikiwa imefungwa kwa kamba (bila kamba, biki itaondoka na mteja wa tatu). Safu tatu: kitu, bei, chenji. Noti ya mteja inalala juu ya kaye mpaka mstari uandikwe na chenji itoke; ndipo inaingia sandukuni. Akisema "nitaandika baadaye", mstari huo umepotea.

Dhana: "Simu ina kengele, inatosha."

Ukweli: kengele moja inazimwa kwa kidole na kichwa kinarudi kilipokuwa. Ziwekwe mbili, na zipewe jina la kitendo: "vaa viatu", kisha "toka". Simu ikae mbali, mtu alazimike kusimama ili aizime. Saa ihesabiwe kinyumenyume. Mkutano mjini ni saa tatu asubuhi. Safari kutoka komini ya Ruashi, tuseme dakika 40. Kungoja basi 20. Kuoga na kuvaa 30. Kuanza ni saa moja na nusu. Dakika zinazosahauliwa karibu kila mara ni zile za kungoja. Tena umeme ukikatika usiku simu itazima, basi saa ndogo ya betri iwepo, na simu ichajiwe kila umeme unaporudi.

Dhana: "Akipewa nafuu kazini, wenzake wanaonewa."

Ukweli: marekebisho mengi hayagharimu hata faranga. Maagizo ya mdomo yafuatwe na ujumbe mfupi, mambo matatu, si kumi. Meza itazame ukuta, mbali na mlango. Ripoti ya mwisho wa mwezi ikatwe: rasimu tarehe 10, hesabu tarehe 20, kukabidhi tarehe 28, na kila tarehe awepo mtu wa kuipokea. Kosa la mashefu wenye roho nzuri ni kuongeza muda tu. Muda mrefu usio na vituo njiani unaahirisha hofu ya siku ya mwisho, basi.

Kuomba nako kuna namna. Omba kitu kimoja, kwa majaribio: "Shefu, nikipata maagizo kwa ujumbe kwa wiki mbili, tuangalie kama makosa yamepungua." Kongo ilijiunga mwaka 2015 na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu cha 27 kinazungumzia marekebisho ya kufaa kazini. Lakini ombi dogo lenye kipimo hufika haraka kuliko kifungu.

Dhana: "Ni mapepo."

Ukweli: hakuna anayekatazwa kusali. Ila TDAH hurithiwa sana katika ukoo, na mara nyingi mzazi akielezwa dalili husema, "Kumbe hata mimi!"

Dhana: "Kidonge kitamaliza yote."

Ukweli: methilifenidati, dawa ya TDAH, huwasaidia wengi kutulia, lakini haiandiki kaye. Ya muda mfupi hufanya kazi kama saa 4 hivi. Ni dawa inayodhibitiwa kimataifa, ya kuandikiwa na daktari aliyepima kwanza presha na mapigo ya moyo, na kabla ya kuanza uliza kama itapatikana kila mwezi. Lubumbashi, mahali pa kuulizia uchunguzi ni kituo cha afya ya akili cha Joseph Guislain. Nenda na buleteni (ripoti za alama) za shule ya msingi, au na yaya aliyekulea.

Dhana: "Mke wake ndiye amkumbushe."

Ukweli: mke akigeuzwa kengele, nyumba inakuwa ya ugomvi. Kinachofaa zaidi ni kukaa karibu: yeye anachambua maharagwe, mume anajaza fomu, dakika 25 bila maneno, kisha wanapumzika 5.

Dhana: "Ameiacha ile kaye, basi haikumfaa."

Ukweli: macho yanaizoea alama mpaka hayaioni tena, pengine baada ya wiki chache tu. Badilisha rangi ya jalada au upande inapokaa. Kanuni ya noti na mstari isiguswe.