Je, wajua kwa nini mgeni katika mkutano wa kuacha pombe hupewa namba za simu?

Anayekwenda kwenye kikundi cha kuacha pombe kwa mara ya kwanza huogopa kusimamishwa mbele ya watu aeleze maisha yake yote. Hilo halitokei. Kusema ni hiari, na mgeni anaweza kukaa kimya mpaka mwisho. Kinachomsaidia zaidi ni zile dakika chache kabla na baada ya mkutano, watu wawili watatu waliotangulia kuacha wanapomwandikia namba zao.

Desturi hiyo ina asili yake. Mei 1935, Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, alikuwa hotelini mjini Akron, Marekani. Alikuwa na miezi mitano tu bila pombe, biashara iliyompeleka huko imeharibika, na baa ya hoteli ilikuwa karibu. Akaiacha baa, akaanza kuwapigia simu viongozi wa dini, akiomba aunganishwe na mlevi mwenzake wa kuzungumza naye. Akakutanishwa na daktari wa upasuaji, Bob Smith, aliyekubali kumpa dakika 15. Wakakaa mpaka usiku. Juni 10, siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous, yaani AA, chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Aliyepiga simu siku ile alikuwa akijiokoa mwenyewe. Ndiyo maana anayekupa namba yake anataka kweli umpigie: simu yako humfaa na yeye.

Kabla ya kutafuta kikundi, kuna jambo la kitabibu lisilotakiwa kurukwa. Mtu anayekunywa sana kila siku, hasa anayeamka akitetemeka mpaka apate kidogo, asiache ghafla peke yake. Dalili huanza saa chache baada ya kunywa mara ya mwisho: jasho, mikono kutetemeka, moyo kwenda mbio, usingizi kupotea. Degedege linaweza kumpata ndani ya siku mbili za kwanza, na kuanzia siku ya pili hadi ya nne anaweza kuweweseka na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua. Aanze kwa daktari, kwa sababu kikundi hakina dawa ya kumtuliza.

Orodha za mikutano zipo kwenye tovuti za AA za nchi mbalimbali, na hospitali zenye huduma za uraibu kwa kawaida huzijua. Orodha hupitwa na wakati, kwa hiyo piga simu uthibitishe siku, saa na mlango wa kuingilia. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi, ambao yeyote anaweza kuhudhuria hata akiwa na ndugu yake, au ni wa wenye tatizo la pombe peke yao. Asiyeweza kufika anaweza kujiunga kwa simu au kompyuta, kamera ikiwa imezimwa.

Fika dakika 10 au 15 kabla. Mikutano mingi huchukua saa moja hadi saa moja na nusu. Husomwa maneno ya ufunguzi, kisha watu huzungumza kwa zamu, kila mmoja akitaja jina lake la kwanza tu. Zamu ikikufikia, inatosha kusema: “Mimi ni mgeni, leo nitasikiliza.” Anayezungumza hakatizwi wala hapewi ushauri. Hakuna ada, kikapu kikipita, mgeni halazimiki kutoa. Sharti la uanachama ni moja tu: kutaka kuacha kunywa.

Wengi hupotea papo hapo mkutano unapofungwa, wanapotoka mbio bila kuzungumza na mtu. Wengine huchukua namba wasizipige, wakisubiri siku ya hatari. Siku hiyo ikifika, kumpigia mtu usiyemzoea huwa kazi nzito. Piga kesho yake, hata kwa salamu tu. Tena usikihukumu chama kizima kwa mkutano mmoja, kwani vikundi hutofautiana sana; jaribu hata vitano au sita. Baadaye tafuta mtu wa kukuongoza katika zile hatua 12 ambazo wana-AA huzifuata ili kuacha pombe, aliyekaa muda mrefu bila pombe na ambaye hakuna uwezekano wa mapenzi kati yenu.

Lugha ya Mungu inayotumika AA huwasumbua baadhi ya watu. Wao wanaweza kutafuta vikundi vya SMART Recovery, jumuiya nyingine iliyoanza 1994, inayofundisha mbinu za kukabili hamu ya pombe na fikra zinazoichochea. Ndugu wa mnywaji wana vikundi vyao, Al-Anon, tangu 1951, nao hawahitaji kungoja mgonjwa wao akubali kuacha.

Je, kweli inasaidia? Mwaka 2020 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Yaliona kwamba wagonjwa walioandaliwa na wataalamu kwa utaratibu maalumu ili wajiunge na AA walidumu bila pombe kwa kiwango sawa au kuzidi waliopewa tiba nyingine, ikiwemo ya kubadili fikra na tabia. Hiyo haina maana kwamba hakuna anayeteleza. Aliyekunywa tena hafukuzwi, ila aibu ndiyo humfungia nyumbani. Ampigie mmoja wa wale waliompa namba, kisha aende mkutano unaofuata. Akifika bado amelewa, vikundi vingi humwacha akae asikilize, na kuzungumza humngoja siku nyingine.